Mchezo wa Maneno Kwenye Simu: Jinsi ya Kuuchagua na Kuutumia Ili Mtoto Ajifunze Kweli

Ukitafuta michezo ya elimu ya watoto kwenye simu yako, utaletewa mingi kuliko unayoweza kuikagua kwa mwezi mzima. Karibu yote ina ahadi moja: mtoto atacheza, na katika kucheza atajua kusoma, kuandika na kufikiri. Wapo wazazi wanaoiamini ahadi hiyo bila kuuliza, wakamkabidhi mtoto simu na kuendelea na shughuli zao. Wapo pia wanaoikataa papo hapo kwa kuwa simu, machoni pao, ni upotevu wa wakati tu. Pande zote mbili zinahukumu kifaa, ilhali kinachostahili kuhukumiwa ni kazi anayopewa mtoto akiwa nacho mkononi. Mwongozo huu una hoja moja, na mashauri yake yote yanatoka humo: mchezo humfundisha mtoto lile tu ambalo unamlazimisha alifanye kwa akili yake mwenyewe. Ukimlazimisha kulitafuta neno kichwani na kulijenga herufi kwa herufi, atajua maneno. Ukimtaka aguse kitu kinachong'aa ili apate nyota, atajua kugusa vitu vinavyong'aa.

Tazama kazi kabla ya picha

Michezo ya aina hii haikuanza na simu janja. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa Speak & Spell, kifaa cha mkononi chenye sauti, vibonye vya herufi na skrini nyembamba iliyoonyesha herufi peke yake. Kifaa kilitamka neno, mtoto akaliandika. Hakuwekewa majibu manne achague moja. Ilimbidi asikie sauti, aigawanye, aitafutie herufi na kuibonyeza, ndipo aambiwe kama amepatia. Akikosa alipewa nafasi ya pili, na akikosa tena alisomewa herufi sahihi. Kwa vipimo vya leo kifaa hicho ni duni mno, lakini mpango wake wa kazi unazishinda programu nyingi za sasa, kwa sababu jibu halikuwepo popote isipokuwa kichwani mwa mtoto.

Umuhimu wa jambo hilo umepimwa. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Kifungu kimoja wanafunzi walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, kifungu kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kile walichojilazimisha kukikumbuka walikijua kwa asilimia 56, na kile walichokisoma mara mbili kwa asilimia 42. Hapa mzazi apate funzo kubwa. Kazi inayoonekana rahisi na kwenda vizuri leo inaweza kuwa ndiyo itakayosahaulika wiki ijayo, na kule kusitasita kwa mtoto, akitafuta neno na kukuna kichwa, ndiko kujifunza kwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujampa mtoto mchezo wowote, ucheze wewe mwenyewe kwa dakika kumi, na ucheze ovyo kwa makusudi. Gusa majibu bila kusoma. Ukifika ngazi ya tatu au ya nne kwa kubahatisha tu, mtoto naye atafika hivyo hivyo, maana watoto huigundua njia ya mkato upesi kuliko sisi. Angalia kinachotokea ukikosa: je, mchezo unakuonyesha ulipokosea, au unalia tu na kukuacha uguse jibu jingine mpaka yaishe? Angalia kama neno ulilolikosa linarudi baadaye. Mchezo mzuri hulirudisha, mbaya hulisahau kama ulivyolisahau wewe. Mwisho, kadiria sehemu ya zile dakika kumi uliyotumia kwa maneno yenyewe. Kama nusu imeishia kwenye kumvisha katuni nguo, kufungua masanduku ya zawadi na kutazama fataki za ushindi, umeshapata jibu lako.

Mchezo uijue lugha ya mtoto

Mtoto anayeanza kusoma Kiswahili ana bahati ambayo anayeanza na Kiingereza hana. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na neno huandikwa karibu sawa na linavyotamkwa. Akishazimudu silabi, ba be bi bo bu, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Mchezo uliotungwa kwa Kiingereza huivuruga bahati hiyo tangu hatua ya kwanza. Humo herufi E huitwa "ii" na herufi I huitwa "ai". Mtoto wa miaka mitano aliyekaririshwa majina hayo, akiambiwa aandike "kiti", ana kila sababu ya kuweka E mahali pa I. Utamwona mzito, kumbe anafuata kwa uaminifu alichofundishwa. Kwa anayeanza, chagua mchezo unaotamka silabi za Kiswahili, na uusikilize kwanza: sauti iwe ya mtu anayekijua Kiswahili, itofautishe "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Hizo ndizo tofauti ambazo watoto wengi huzikosa kwenye imla.

Kwa watoto wakubwa tatizo hubadilika sura. Scrabble, mchezo wa kujenga maneno kwa vigae vya herufi, ilibuniwa Marekani na Alfred Butts katika miaka ya 1930, naye alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi ipewe vigae vingapi. Seti ya Kiingereza ina kigae kimoja tu cha K chenye alama 5, ina W mbili, na ina Q na X ambazo maneno ya Kiswahili sanifu hayazihitaji. Michezo ya simu iliyojengwa juu ya hesabu hiyo humnyima mchezaji wa Kiswahili herufi anazozihitaji kwa kila "ki", "ku" na "wa", ikambebesha zisizo na kazi. Orodha ya maneno nayo ina hila zake. Kitenzi "soma" huzaa "somea", "someka", "somesha", kisha "tunasoma", "walisomeshwa" na mengine mengi mno, wakati programu nyingi zinatambua tu maneno yaliyomo kwenye orodha fupi. Mtoto akiandika neno sahihi na kuambiwa amekosa, anafundishwa kuitilia shaka lugha yake. Jaribu mwenyewe: andika "vitabu", "hawakuja", "ng'ombe" na "dhahabu". Mchezo ukikataa moja kati ya hayo, au usiwe na alama ya kuandikia ng', tafuta mwingine.

Mchezo unaoijua lugha, kwa upande mwingine, hufundisha hata kile usichokitaja. Chukua ule wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, uliopata umaarufu duniani kupitia Wordle ya Josh Wardle mwaka 2021. Ukiuchezesha kwa Kiswahili, mtoto makini atagundua baada ya siku chache kwamba herufi ya mwisho karibu kila mara ni irabu, na kwamba M mwanzoni mwa neno linalotaja mtu au kitu mara nyingi ni alama ya ngeli. Anaanza kuyapima maneno kwa muundo wake: neno hili ni la mtu au la kitu, ni la umoja au la wingi. Hakuna aliyemtajia neno sarufi, lakini akili yake imefanya kazi ya sarufi kwa sababu mchezo umemlazimisha.

Huenda ukasema kwamba mtoto wako anasoma shule ya Kiingereza, hivyo michezo ya Kiingereza ndiyo itakayomfaa. Hoja hiyo ina uzito, na kwa msamiati wa Kiingereza michezo hiyo inaweza kweli kusaidia. Tatizo ni kuzichanganya kazi mbili. Kujua kwamba herufi huwakilisha sauti ni jambo moja, na hujifunzwa kwa urahisi zaidi katika lugha ambayo mtoto anaizungumza na ambayo maandishi yake hayana vikwazo. Kujua maneno ya lugha ya pili ni jambo jingine. Anza na la kwanza, kisha ufuate la pili, na siku ya kuanza la pili mwambie wazi kwamba Kiingereza kinazitaja herufi hizi kwa majina mengine.

Usidai zaidi ya ushahidi

Ushahidi mzito unaotuhusu moja kwa moja ulipatikana mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, shindano la Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170. Programu tano zilizofika fainali zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, kwa michezo na mazoezi, bila mwalimu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya kwanza ya dola milioni 10. Anayesema kwamba kifaa hakiwezi kumfundisha mtoto kusoma ana kazi ya kuyajibu matokeo hayo, hasa kwa kuwa wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukaa darasani.

Hata hivyo, yasome matokeo hayo mpaka mwisho. Kama idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu, basi nusu nyingine walibaki pale pale baada ya mwaka na robo wakiwa na kifaa. Kuna kitu ambacho programu peke yake haikiletei kila mtoto, na utafiti wa Zambia unatuelekeza kilipo. Huko watoto wa darasa la kwanza jijini Lusaka walicheza kwenye simu GraphoGame, mchezo wa kuunganisha sauti na herufi ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland, ukiwa umetafsiriwa kwa Kinyanja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mafanikio yalikuwa makubwa zaidi pale mwalimu naye alipoucheza. Mtu mzima anayeujua mchezo huendeleza nje ya skrini kile kilichoanzia ndani yake. Wewe nyumbani ndiye mtu huyo. Si lazima ukae na mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ujue leo alicheza maneno gani, na uyatumie wakati wa chakula cha jioni.

Kuna ahadi nyingine ambayo unapaswa kuikataa kabisa: kwamba mafumbo ya kwenye simu huongeza akili kwa jumla. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake uliohusu watu wazima 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Walikuwa hodari zaidi katika yale yale waliyoyafanyia mazoezi, lakini uhodari huo haukuhamia kwenye kazi nyingine, hata zile zilizokaribiana nayo. Mwaka 2016 kampuni ya programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani, iliyoituhumu kuwahadaa wateja kwa madai ya namna hiyo. Matokeo haya hayavunji hoja ya mwongozo huu, yanaithibitisha. Anayecheza Sudoku anajifunza Sudoku. Ukitaka mtoto ajue maneno, mpe mchezo wa maneno. Ukitaka ajue kujumlisha, mpe wa kujumlisha.

Bando, matangazo na muda

Mchezo mzuri unaweza kuharibiwa na mambo yanayouzunguka, hivyo yapange mapema. Ukishaupakua, zima data kisha ufungue tena. Ukifanya kazi bila intaneti, umepata faida mbili kwa mara moja: bando lako linabaki, na matangazo mengi yanakosa njia ya kuingia. Tangazo ni baya kwa sababu linakuja pale pale mtoto alipokuwa akilitafuta neno, likakata kazi ya akili na kumtaka aguse kitu kingine. Ukiwa na uwezo wa kulipia mara moja mchezo usio na matangazo, mara nyingi itakugharimu kidogo kuliko bando litakaloliwa na ule wa bure. Weka nywila kwenye manunuzi ya simu, na namba ya siri ya akaunti yako ya pesa za simu mtoto asiijue. Mchezo wa kupanga herufi ukiomba ruhusa ya kuona majina ya watu kwenye simu yako, mahali ulipo, au kutumia kamera, ukatalie. Hauna kazi nayo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa aliyeanza shule, dakika kumi na tano kila siku zitamfaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hukaa akilini kuliko yaliyorundikwa siku moja. Jihadhari na michezo inayohesabu siku mfululizo za kucheza na kumtisha mtoto kwamba atapoteza kila kitu akikosa siku moja. Hesabu hiyo inapima uaminifu wake kwa programu, na haisemi lolote kuhusu maneno anayoyajua. Wordle, kwa kutoa neno moja tu kwa siku, ilionyesha kwamba mchezo unaweza kupendwa sana na bado ukamwacha mchezaji aende zake.

Kwa anayesema vitabu vinatosha, na kwa asiye na simu janja

Wapo watakaosema kwamba haya yote hayahitajiki, kitabu na kalamu vimewatosha waliotutangulia. Kitabu hakina mbadala, na mtoto mwenye vitabu vya hadithi na mtu wa kumsomea amepata kitu kilicho bora kuliko programu yoyote. Lakini kitabu hakimwambii mtoto pale pale kwamba ameandika "ngombe" badala ya "ng'ombe", hakimtamkii neno asilolijua, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kumfikia kila mmoja kwa kila kosa. Mchezo mzuri hufanya hayo kwa subira isiyoisha. Hiyo ndiyo iwe kazi utakayoupa: kuzoeza na kusahihisha. Hadithi, maana na mapenzi ya kusoma yaachie kitabu na sauti yako.

Wengine watauliza, na wana haki ya kuuliza, kama ushauri huu si wa wenye nacho peke yao. Kwa kuwa kinachofundisha ni kazi ya akili, kazi hiyo inaweza kupatikana hata kwa kitochi, au kabambe kama wanavyokiita Kenya. Eneza Education ya Kenya ilijenga huduma yake ya masomo na maswali juu ya ujumbe mfupi wa simu kwa sababu hiyo. Nyumbani huhitaji hata huduma hiyo. Mwandikie mtoto kwenye simu herufi zilizovurugwa, TAKIBU, azipange ziwe neno, kisha aandike wingi wake. Mpe neno "barabara" atafute ndani yake maneno mafupi anayoyajua. Mwambie akuandikie neno linaloanza na silabi ya mwisho ya neno lako, mkipokezana mpaka mmoja akwame. Ukiwa na simu yenye kukisia maneno wakati wa kuandika, zima kwanza uwezo huo, vinginevyo simu ndiyo itakayocheza. Na kama chaji imekwisha, kitendawili kipo. Anayetegewa hapewi majibu manne. Hulitafuta jibu kwa akili yake, na akishindwa hutoa mji. Wazee waliotupokeza utaratibu huo waliijua kanuni hii kwa matendo.

Karatasi iwe hakimu

Ukitaka kujua kama mchezo umefundisha, usitazame nyota wala ngazi aliyofika. Mara moja kwa wiki zima simu, chagua maneno manane aliyoyacheza wiki hiyo, umsomee naye ayaandike kwenye daftari. Kisha achague mawili ayatungie sentensi, moja kwa umoja na moja kwa wingi: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea. Usimpe alama za kumtisha. Andika tarehe na uhifadhi ukurasa. Akipata sita au zaidi, mchezo unafanya kazi na mnaweza kuendelea. Akipata machache wakati kwenye simu ni bingwa, basi amejifunza njia za mchezo bila maneno yake, nawe rudi kwenye jaribio la dakika kumi ukague tena mchezo unamtaka afanye nini. Baada ya wiki nne kama hakuna mabadiliko kwenye daftari, ufute, hata kama analia. Na kama anayapata yote kila wiki, ufute pia au umpandishe ngazi, maana mchezo usiomtaka tena afikiri umemaliza kazi yake. Nafasi iliyobaki ipewe kitabu ambacho ndani yake maneno hayo yanasimulia jambo, kwa kuwa mtoto alifundishwa kuyajenga ili siku moja ayasome bila kuhesabiwa alama.